Kazi ni Kulea Mwana: Wazazi wa Jinsia Moja Mbele ya Sheria na Jamii

Wahenga walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Methali hii hufundishwa tangu shule za msingi, hukaririwa kwa ajili ya mitihani na hutungiwa insha kila mwaka. Hata hivyo, ni nadra kuulizwa swali linalojificha ndani yake: ikiwa kazi ni kulea, aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka kumi bila ya kuzaa aitweje? Kiswahili kina jibu tayari. Kina neno mzazi na kina neno mlezi, na kwa kuwa na maneno mawili badala ya moja, kinakiri kwamba uzazi na ulezi haviandamani kila mara. Sheria za nchi nyingi zimechelewa kukiri hivyo. Kuchelewa huko huwaumiza watoto wa aina nyingi, na miongoni mwao ni wale wanaolelewa na wanawake wawili au wanaume wawili wanaoishi pamoja kama wenzi.

Suala la haki za wazazi wa aina hii likitajwa katika ukumbi wa mihadhara nchini Kenya, mjadala huwaka na kuzimika papo hapo. Huwaka kwa sababu kila mmoja ana la kusema kuhusu watu wazima: wanapendanaje, wanatenda nini, dini inasemaje juu yao. Huzimika kwa sababu baada ya hayo kusemwa, wasemaji hudhani kwamba wamemaliza. Katika makelele yote hayo hukosekana mtu mmoja, naye ni mtoto. Hoja ya makala haya ni nyepesi kuielezea ingawa si nyepesi kukubalika: swali la nani ni mzazi mbele ya sheria sharti lianzie kwa mtoto. Likianzia hapo, hitilafu za watu kuhusu mapenzi ya jinsia moja, hata ziwe kali vipi, hazitoshi kuwa sababu ya kumpokonya mtoto mmoja wa watu wanaomlea.

Kisa cha Pretoria

Mfano ulio wazi kabisa barani Afrika unatoka Afrika Kusini. Suzanne du Toit na Anna-Marié de Vos waliishi pamoja kama wenzi tangu mwaka 1989. De Vos alikuwa jaji wa Mahakama Kuu mjini Pretoria. Wawili hao walichukua watoto wawili, ndugu wa tumbo moja, na kuwalea kama wana wao. Walipotaka kuwaasili kwa pamoja, sheria iliwazuia. Sheria ya Malezi ya Watoto ya mwaka 1983 iliwaruhusu mume na mke kuasili mtoto kwa pamoja, na ilimruhusu pia mtu mmoja asiye na ndoa. Haikuwaruhusu wenzi wawili wa jinsia moja. Kwa hiyo watoto wakaasiliwa na De Vos peke yake, na kwa mujibu wa karatasi za serikali, wakawa na mzazi mmoja.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti na karatasi. De Vos alibanwa na kazi za mahakama, na Du Toit ndiye aliyekuwa na watoto kwa muda mrefu zaidi. Ilhali mama huyu wa kila siku hakuwa na mamlaka ya kutia sahihi fomu ya shule, wala ya kuidhinisha mtoto adungwe sindano zahanati. Kisheria alikuwa sawa na mpita njia. Kubwa kuliko hayo ni hatari iliyoninginia juu ya paa la nyumba hiyo: De Vos angefariki, watoto wangehesabiwa kuwa yatima ilhali mama yao wa pili yu hai na anawapikia chakula cha jioni. Wenzi hao wangetengana, Du Toit angesimama mikono mitupu mbele ya hakimu, na watoto wasingekuwa na pa kushika.

Kesi ilipofika Mahakama ya Katiba, wakili aliyeteuliwa kuwasemea watoto aliunga mkono ombi la walezi. Tarehe 10 Septemba 2002 mahakama ilitoa uamuzi wake kwa pamoja, ulioandikwa na Jaji Thembile Skweyiya. Uamuzi huo ulisimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni usawa na heshima ya watu wazima, kwani Katiba ya Afrika Kusini inakataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi. Ya pili ndiyo inayohusika zaidi hapa: Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 28, inasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Mahakama iliona kwamba kuwafungia nje wenzi wa jinsia moja ni kuwanyima watoto fursa ya kupata familia yenye upendo na utulivu, na kwamba kufanya hivyo ni kuliua lengo lenyewe la kuasili. Maneno yaliyokosekana katika sheria yakatiwa humo na mahakama, na Du Toit akawa mzazi mbele ya sheria, kama alivyokuwa mbele ya watoto.

Miezi michache baadaye, Machi 2003, mahakama hiyo hiyo ilikabiliwa na suala jingine. Wanawake wawili walikuwa na mapacha waliozaliwa kwa msaada wa sayansi: yai lilitoka kwa mmoja, na mimba ikabebwa na mwenzake. Ofisi za usajili zilikubali kumwandika mwanamke mmoja tu kuwa mzazi. Mahakama, kwa kalamu ya Jaji Richard Goldstone, iliamua kwamba sheria iliyowatambua kuwa wazazi wenzi waliooana pekee ilikiuka Katiba, na kwamba wanawake hao wawili wote wana haki ya kuandikwa. Tazama jinsi kisa hiki kinavyoitatiza methali yetu: mmoja alitoa mbegu, mwingine alilea mimba, na wote wawili wakalea wana. Nani angethubutu kuamua kwamba mmoja wao si kitu?

Jambo moja katika historia hii halina budi kusisitizwa. Wakati wa hukumu hizo mbili, ndoa ya jinsia moja haikuwapo Afrika Kusini. Hukumu iliyoitaka iruhusiwe ilitolewa tarehe 1 Desemba 2005, na sheria yenyewe ikaanza kufanya kazi tarehe 30 Novemba 2006. Yaani mtoto alitangulia na ndoa ikafuata. Wakenya tumezoea kuligeuza suala hili juu chini. Huanza na harusi, kanisa, msikiti na mahari, kisha hushangaa kwamba hawaelewani. Hoja ya mtoto haihitaji kungoja hoja ya harusi imalizike, kama vile mtoto mwenyewe hangoji kukua.

Hofu ya madhara

Pingamizi la kwanza, tena la heshima, ni kwamba mtoto anayelelewa na wanawake wawili au wanaume wawili atadhurika. Hofu hii haifai kudharauliwa, kwa maana inatokana na kumjali mtoto. Lakini hofu hupimwa kwa ushahidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliyachunguza yaliyokuwa yameandikwa na watafiti, na mwaka 2002 kikatoa tamko la kuunga mkono haki ya mlezi wa pili kumwasili mtoto wa mwenzake katika familia za aina hii. Mwaka 2013 kikarudia msimamo huo kwa upana zaidi. Sababu yake ilikuwa kwamba ustawi wa mtoto hutegemea zaidi uhusiano wake na wazazi wake, utulivu wa nyumba, na msaada wa kijamii na kiuchumi, kuliko jinsia ya wazazi hao.

Upande wa pili nao usisahauliwe. Mwaka 2012 mtaalamu wa sosholojia wa Marekani, Mark Regnerus, alichapisha utafiti uliodai kwamba watu wazima ambao mzazi wao mmoja aliwahi kuwa na uhusiano wa jinsia moja walikuwa na matatizo mengi zaidi. Utafiti huo ulishangiliwa na wengi. Wataalamu wenzake wakautia dosari kubwa: wengi wa aliowahesabu hawakulelewa na wenzi wawili wa jinsia moja waliotulia, bali walitoka katika ndoa za mume na mke zilizovunjika. Kuwalinganisha na watoto wa ndoa zilizodumu ni sawa na kulinganisha mche uliong'olewa na ule ulioachwa ukamea, kisha kuilaumu rangi ya chungu. Kilichoonekana pale ni maumivu ya nyumba kuvunjika. Ikiwa ni hivyo, basi busara ni kuiimarisha nyumba ambamo mtoto yumo, si kuiacha bila ulinzi wa sheria.

Hofu ya kupoteza Uafrika

Pingamizi la pili ni kwamba jambo hili ni la kigeni. Hapa pana haja ya kuwa waangalifu kwa pande zote mbili. Jamii kadhaa za Afrika Mashariki zina desturi ya mwanamke kumwoa mwanamke mwenzake. Wanandi wanayo, Wakisii wanayo, na Wakikuyu waliijua. Wakamba wanaiita iweto, na Wakurya wa upande wa Mara nchini Tanzania wanaiita nyumba ntobhu. Baadhi ya watetezi wa haki huzitaja desturi hizi kwa haraka kama ushahidi kwamba usagaji ulikuwapo na ukakubalika. Dai hilo halisimami. Mwanaanthropolojia Regine Oboler, aliyewachunguza Wanandi na kuchapisha makala yake mwaka 1980, alionyesha kwamba ndoa hiyo huhusu mali na mrithi. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwingine ili azaliwe mwana wa kuurithi mji wake. Yeye huhesabiwa kuwa mwanamume katika jamii, na hapana uhusiano wa kimapenzi kati yake na mkewe. Kuifanya desturi hii kuwa jambo jingine ni kuwadhulumu wenye nayo.

Hata hivyo, desturi hiyo inathibitisha jambo jingine ambalo wapinzani hawalitaji. Inathibitisha kwamba katika jamii hizi ubaba si lazima utokane na mbegu, wala si lazima aliye baba awe mwanamume. Mtoto alipewa ukoo, jina, shamba na mifugo kupitia kwa mwanamke ambaye hakumzaa na ambaye hakuwa na damu naye. Jamii iliona kwamba mtoto anahitaji pa kusimama, ikamtengenezea mahali. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ililithibitisha hilo. Mwanamke aliyekuwa ameolewa na mwanamke mwenzake kwa mila ya Kinandi alidai urithi baada ya huyo aliyemwoa kufariki, na jamaa wa marehemu wakampinga. Jaji J. B. Ojwang aliitambua ndoa hiyo ya kimila, na akamhesabu mwanamke huyo pamoja na wanawe kuwa warithi halali. Wala mbingu hazikuanguka Mombasa siku hiyo. Aliye na uwezo wa kuelewa uamuzi ule ana uwezo pia wa kuelewa ule wa Jaji Skweyiya, hata kama mapenzi ya nyumba ile ya Pretoria hayampendezi. Katika visa vyote viwili mahakama ilijiuliza: watoto hawa ni wa nani, na watabaki na nani?

Hofu ya waumini

Pingamizi la tatu ni la dini, nalo ndilo zito zaidi katika nchi ambayo wengi wa raia wake ni Wakristo na Waislamu. Si kazi ya makala kama haya kumfundisha padri au sheikh maandiko yake. Kanisa lina haki ya kuamua ni ndoa gani itafungwa madhabahuni pake, na msikiti vilevile. Hata Afrika Kusini hakuna sheria inayomlazimisha kiongozi wa dini kufungisha ndoa asiyoiamini. Lakini dini hizo hizo zimejaa amri kuhusu yatima. Katika Uislamu, kumlea yatima ni ibada yenye malipo makubwa, na sharia imekuwa makini kutenganisha nasaba na malezi: mtoto anayelelewa hubaki na nasaba ya baba yake mzazi, na mlezi hupata daraja yake kwa kulea. Utengano huo wa nasaba na malezi ndio uo huo ulio katika methali yetu. Muumini anaweza kuendelea kuamini kwamba uhusiano wa watu wawili fulani ni dhambi, na wakati huo huo akakubali kwamba mtoto aliyemo nyumbani mwao asifukuzwe shule wala asinyimwe urithi kwa sababu yao. Kumwadhibu mtoto kwa kosa analodhaniwa kulitenda mzazi si mafundisho ya dini yoyote kati ya hizo mbili.

Hali nchini Kenya

Sheria ya Kenya inavuta pande mbili. Kifungu cha 45(2) cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 162, inataja kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo linaloitwa kinyume cha maumbile, na tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kukifuta kifungu hicho. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikwenda mbali zaidi: ilitamka wazi kwamba amri ya kuasili isitolewe iwapo mwombaji ni shoga. Nafasi ya sheria hiyo ilichukuliwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Hata hivyo, kwa kuwa wapenzi wa jinsia moja hawawezi kufunga ndoa nchini, mlango wa kuasili mtoto kwa pamoja kama wanandoa haujafunguka kwao.

Upande wa pili, Kifungu cha 53(2) cha Katiba hiyo hiyo kinasema kwamba maslahi ya mtoto yana umuhimu wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Maneno hayo yanakaribiana mno na yale yaliyotumiwa Pretoria. Hayana kiambatisho kinachosema "isipokuwa mtoto wa fulani". Na tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu, kwa kura 3 dhidi ya 2, iliamua kwamba watu wa kundi hili hawawezi kunyimwa haki ya kusajili chama chao kwa sababu tu ya walivyo. Uamuzi huo haukuhalalisha ndoa wala haukugusa uzazi, lakini ulikumbusha taifa kwamba mtu hatoki nje ya Katiba kwa kuwa hapendwi.

Kati ya pande hizo mbili kuna watoto. Hawa si watoto wa kufikirika tu waliongojea kuasiliwa. Wengi wa wazazi wa aina hii duniani walizaa katika ndoa za kawaida kabla ya kuachana na wenzi wao. Watoto wao wapo, wanasoma, wanaugua malaria, wanavunja vikombe. Mzazi kama huyo akifikishwa mbele ya hakimu katika kesi ya malezi, swali halali ni moja: nani anamlisha mtoto huyu, anamsomesha, anamtuliza akiota vibaya usiku? Hakimu akiliacha swali hilo na kuuliza mzazi analala na nani, ameiacha Katiba nje ya mlango wa mahakama.

Sheria peke yake haitoshi

Lingekuwa kosa kudhani kwamba sheria nzuri huleta jamii nzuri kwa siku moja. Afrika Kusini yenyewe ni shahidi. Ndoa zilipokwisha kuruhusiwa, Eudy Simelane, mwanasoka aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake na ambaye hakuficha kwamba anapenda wanawake, aliuawa kikatili mtaani kwao KwaThema mwezi wa Aprili 2008. Sheria ya 2006 yenyewe iliwaruhusu maafisa wa serikali kukataa kufungisha ndoa hizo kwa sababu za dhamiri, na ruhusa hiyo haikuondolewa hadi mwaka 2020. Hukumu hufungua lango la ua; kukaribishwa sebuleni ni jambo jingine.

Kwa mtoto, sebule hiyo ni darasa. Ni siku ya wazazi anapoitwa mama, wakasimama wawili. Ni fomu yenye nafasi moja ya jina la baba na nafasi moja ya jina la mama. Ni mwalimu anayecheka, au anayenyamaza wengine wakicheka. Fomu hiyo, kwa hakika, huwaumiza wengi kuliko hao wanaozungumziwa hapa: anayelelewa na nyanya, anayelelewa na kaka, aliyeokotwa na kulelewa katika makao ya watoto. Anayeirekebisha kwa ajili ya mmoja huwa amewarekebishia wote.

Wajibu wa wanagenzi na walimu wa Kiswahili

Yamkini msomaji atauliza, haya yote yanahusianaje na idara ya Kiswahili? Yanahusiana kwa sababu jamii hukubali au hukataa kwa maneno, na maneno ni mali ya idara hii. Chukua neno shoga. Katika vinywa vya wanawake wa pwani, shoga ni rafiki mwandani, wa kuazimana kanga na kupeana siri. Neno hilo hilo katika vinywa vingine limegeuka kuwa jiwe la kurushiana. Msagaji na basha ni maneno yanayomtaja mtu kwa tendo la kitandani tu, kana kwamba hana kazi, jirani wala mtoto. Mwanafunzi wa isimu anajua kwamba hakuna neno lisilobeba mtazamo. Basi asikubali kulibeba bila ya kulipima. Hakuna anayelazimika kuwasifu watu hawa, ila mtafiti hana ruhusa ya kutumia tusi kana kwamba ni istilahi.

Kwa upande wa pili, Kiswahili kina hazina ambayo sheria ingeionea wivu. Mtoto wa Kiswahili anaye mama, anaye mama mkubwa na mama mdogo. Anaye baba mkubwa na baba mdogo. Pengine anaye mama wa kambo na anaye mama aliyemnyonyesha. Lugha hii haijawahi kuhofu kwamba mtoto akiwa na mama wawili atachanganyikiwa. Imempa majina ya kuwatofautisha, ikaendelea na shughuli zake. Lakini pia lugha hii ina neno mwanaharamu, ambalo limewachoma watoto wasio na hatia kwa karne nyingi.

Fasihi yetu imeliona jeraha hilo. Katika riwaya ya Asali Chungu ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1977, Dude ni mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na mikasa inayowafika yeye na wengine inatokana na ukweli huo uliofichwa na watu wazima. Riwaya hiyo haihusu mapenzi ya jinsia moja hata kidogo. Funzo lake, hata hivyo, linatufaa: watu wazima hutenda, jamii hunong'ona, na mtoto hulipa. Wanafunzi wanaolia juu ya Dude katika chumba cha semina kisha wakamcheka mtoto wa wanawake wawili wakiwa mkahawani, wameisoma riwaya bila ya kuielewa.

Yanayopendekezwa hapa si makubwa. Mahakama na ofisi za watoto zianze na swali la ulezi kabla ya swali la mapenzi, kama Kifungu cha 53 kinavyotaka. Mlezi wa pili, awe nani, apate njia ya kisheria ya kutambuliwa, ili kifo cha mmoja kisimfanye mtoto yatima wa karatasi. Shule ziwe na fomu inayouliza majina ya wazazi au walezi, basi. Nao waandishi wa kamusi na walimu wa lugha wayachunguze maneno wanayoyarithisha vijana. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomtaka Mkenya abadili imani yake kuhusu ndoa. Yote yanamtaka akumbuke methali aliyoiandikia insha akiwa darasa la saba, akaisifu, akapata alama nzuri. Mwalimu aliyemsahihishia hakumuuliza kama mlezi aliyemfikiria ni mwanamume au mwanamke, mmoja au wawili. Methali yenyewe haikuuliza.